Achai na Nusu ya Chapa

Achai Yak hawezi kutulia. Hata akila, mguu mmoja unacheza chini ya meza. Amepanga chumba kwangu hapa Lodwar tangu Januari, na mimi niliyelea watoto saba sijaona mtu anayechosha kiti namna ile. Alifika Kakuma kutoka Sudan Kusini akiwa mgongoni mwa mama yake. Akasoma kambini, akajifunza kompyuta kambini, na sasa ana kibali cha kukaa huku mjini kwa sababu ya kazi moja tu: kuandika programu ya kuonyesha chapa za mifugo, ili ngamia akipotea, watu wafungue kompyuta wamjue ni wa nani.

Kazi hiyo ilinihusu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini chapa nazijua. Baba yangu ndiye alikuwa anaitwa kushika chuma cha moto, kutoka huku mpaka Nariokotome. Kati ya chapa arobaini na mbili alizoziweka Achai, thelathini na moja zilitoka kichwani mwangu, na hakuna aliyenisahihisha hata moja.

Mwezi wa tatu tukaenda kuzionyesha mara ya kwanza, soko la mifugo la Kakuma. Wazee wakachuchumaa mbele ya kompyuta iliyowekwa juu ya debe. Mzee Adome, ambaye ngamia wake ni wengi na maneno yake ni mengi zaidi, akataka kuona yake kwanza. Achai akabonyeza. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, ya kupewa na mradi uliomwajiri, na ilikuwa inachora mbele ya macho ya watu, mstari baada ya mstari. Ule mrefu wa begani. Kisha upinde. Kisha ikasita kidogo kabla ya kuweka kistari kifupi cha mwisho.

Mtu asiyetoka kwetu hawezi kujua ubaya wa kusita kule. Chapa ya Adome bila kile kistari ni chapa ya watu wengine kabisa, watu wa upande wa Katilu, ambao baba yake aligombana nao mpaka kufa kwa sababu ya ngamia kumi na wanne. Na mwanawe Ekwam, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa ameinua simu. Akapiga picha hapo hapo.

Kistari kikaja. Hakuna aliyekitazama. Wote walikuwa wanatazama simu ya Ekwam.

"Kwa hiyo ngamia wangu wamehama," Adome akasema.

"Mzee, ilikuwa haijamaliza. Ilikuwa bado inachora."

"Hata mwizi ukimshika kwa boma anasema alikuwa bado."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Kabla jua halijatua picha ilishafika Katilu. Msimamizi wa mradi akampa Achai wiki mbili. Wazee wakikataa tena, programu inafungwa na yeye anarudi kambini.

Wiki ya kwanza aliimaliza akizunguka ua wangu, mpaka kukawa na njia kama ya mbuzi. Anakaa, anaandika, anafuta, anainuka. Siku ya sita nikachoka kumtazama nikamwambia, "Baba yangu alikuwa anawageuza watu. Mwenye mnyama, mashahidi, wote wanampa mgongo mpaka chuma kiinuliwe mara ya mwisho. Ndipo anasema, tazameni. Chapa ya nusu haionyeshwi mtu."

Akasimama. "Ata," maana ananiita nyanya kwa lugha yetu, "hiyo njia mimi nilifundishwa."

"Na baba yangu?"

"Na kompyuta. Unachora kwanza kwa bitimapu. Ni kama karatasi iko ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa kioo haionekani. Ukimaliza kila kitu, ndio unaileta juu, yote mara moja."

"Sasa mbona hukufanya?"

"Niliona ni mistari mitatu tu. Nikasema ya nini kujisumbua."

Mpaka leo nikisema wazo lilikuwa la baba yangu anabisha, anasema liko kwenye vitabu. Sawa. Vitabu vilimkuta baba yangu akifanya.

Akaandika siku nzima. Alipobonyeza, kioo kikabaki cheupe. Akabonyeza tena. Cheupe. Mguu ukaanza kucheza.

"Umechora?" nikamuuliza.

"Nimechora, Ata. Iko huko ndani."

"Basi umepika, hujapakua."

Akanikazia macho, kisha akarudi kwenye maandishi yake. Kweli, amri ya kuleta picha juu ya kioo alikuwa ameifuta mwenyewe kwa haraka zake.

Tukarudi Kakuma. Safari hii Adome hakujibu hata salamu yangu ya ejok, na Ekwam alikuwa na simu tayari mkononi. Achai akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, na weupe ule nikauona mrefu kama kiangazi. Halafu chapa ikatokea nzima, begani mpaka kistari.

"Funga," Adome akasema. "Fungua tena."

Mara saba. Ekwam alipiga picha mfululizo, halafu akampa baba yake simu. Adome akazipitia kwa kidole, polepole, moja moja. Zingine zilikuwa nyeupe, zingine nzima. Ya nusu hakuna.

"Kabla ya kutokea, ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kompyuta, mzee. Inachorwa huko kwanza."

"Na nani anaiona ikiwa huko?"

"Hakuna. Hata mimi siioni."

Adome akamrudishia mwanawe simu. Nikajua ameridhika, kwa sababu alianza kulalamika.

"Sikio liko wapi? Ngamia wangu amekatwa sikio la kushoto. Wewe umenichorea ngamia bila masikio."

"Nitaongeza."

"Lini?"

Achai alikuwa ameshakaa chini kwenye samadi, kompyuta mapajani, anaandika. Mguu unatimua vumbi. Wazee wakasogea, kila mmoja anataja sikio lake, la kushoto, la kulia, mkato mmoja, miwili, wote kwa pamoja, mpaka ikabidi niwanyamazishe tuanze na la Adome.