Michikichi Iliyonyolewa

Hapa Bunia hurushi droni hivi hivi tu. Watu wameona mengi, na kitu kinachovuma angani kinawatoa mbio. Ndiyo maana kabla ya kuruka tunaomba itangazwe kanisani, kati ya ndoa zinazokuja na mkutano wa wamama: kesho chombo cha watafiti wa mimea kitapita, msiogope, kinapiga picha za miti tu. Naipenda sana kazi yangu, na tangazo hilo nalipenda zaidi. Wamama hugeuka kunitazama, nami hujikausha nisicheke.

Mwaka ule tangazo lilisomwa Jumapili ya Matawi. Waumini wote tulikuwa tumeinua matawi ya michikichi, na langu nililipunga kwa nguvu kuliko wengi. Kesho yake nikarusha droni juu ya mashamba ya ukingoni mwa mji, ambako tunachunguza jinsi michikichi inavyostahimili baridi ya huku juu.

Picha zilitutisha. Kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, michikichi ilikuwa imekonda, imebaki na makuti machache kichwani. Marehemu mumewe ndiye aliyeipanda, na mafuta yote ya nyumba ile hutoka pale. Mwenzangu wa kazi, ambaye kanisani kwao hawapungi matawi, alisema huo ni ugonjwa, ikatwe kabla haujaenea. Nikakubali kwa shingo upande. Yeye ndiye aliyempigia mama mdogo simu, maana mimi sikuthubutu.

Jioni nilirudi nyumbani nimenuna. Nilipofungua mlango, kitu kikaniangukia kichwani: tawi langu, nililolichomeka mwenyewe juu ya mlango baada ya misa. Nililiokota, nikalitazama pale lilipokatwa kwa panga. Kisha nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Parokia nzima ilipunga matawi. Tulidhani yameshuka mbinguni?

Nilimpigia mama mdogo, simu ikawa imezimwa. Nikarukia pikipiki, nikamsumbua dereva njia nzima aongeze mwendo. Niliogopa kweli kweli.

Michikichi ilikuwa bado imesimama, ila panga limeshanolewa na kuegemezwa ukutani. Mama mdogo alikuwa jikoni, akidondosha mafuta ya mawese kwenye sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa kijiko kidogo.

"Kesho asubui njo batakuya kuikata," alisema bila kuniangalia. "Hii chupa njo ya mwisho. Niko naichunga."

"Mama mudogo, watu ya kanisa balikata matawi hapa?"

"Ee, samedi, siku moya mbele ya Matawi. Kila mwaka ninabapatiaka."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Nani aliniuliza? Banasema mashini yenu inaona mpaka ndani ya muti. Nikawaza imeona magonjwa yenye miye sioni."

Nilishindwa kujizuia, nikamkumbatia na kijiko chake mkononi.

"Miti yako iko muzima, mama. Siye bakristo njo tuliinyoa."

Alinitazama, akatazama nje, akanitazama tena. Kicheko kilianzia tumboni kikamtoa machozi, akanipiga begani, akaniita mujinga wa masomo mengi. Nilikubali kwa furaha.

Kisha akaweka kijiko pembeni, akainua ile chupa, akamimina mafuta kwenye sombe bila kupima.