Kombe la Salum

Utotoni mwangu, nikiwa na miaka minane, niliamini kwa mchana mzima kwamba namuua mdogo wangu kwa maji ya kunywa.

Mdogo wangu huyo ni Salum, wakati huo ana miezi kumi. Alikuwa mtoto mnene, mwenye mikunjo ya mapaja ambayo majirani walikuwa wakiifinya bila ya ruhusa. Kisha akaanza kuharisha. Wiki ya kwanza tulisema meno. Mama akampeleka hospitali, akarudi na dawa ya chupa, tumbo likatulia siku mbili. Dawa ilipomalizika, likaanza upya. Wiki ya tatu ile mikunjo haikuwepo tena, na ngozi ya tumbo lake ukiivuta ilibaki imesimama.

Tulikaa mtaa wa Malindi, kwenye nyumba ya mawe yenye ua mdogo katikati, mimi, mama, Salum na Bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa Pemba kwenye karafuu. Mwezi ule ule alikuja, akakaa nasi juma moja, akarudi zake. Juma hilo moja ndilo lililomponza mama.

Jirani yetu Bi Zuwena aliingia asubuhi moja, akamfunua Salum, akamtazama mama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mtoto kabemendwa huyu," akasema.

Maana yake ni kwamba baba na mama wamelala pamoja kabla mtoto hajaacha ziwa, na maziwa yameharibika. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa mwanamke anayenyonyesha.  Mama aliinamisha uso, akawa anaikunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Nisimsingizie Bi Zuwena. Hakuwa mbaya. Ndiye aliyekuwa akiyafua mapande ya kanga ya Salum, kutwa mara ishirini, na mikono yake ilichunika kwa sabuni. Alimpenda Salum, na alifanya alilofundishwa. Akatoa amri mbili: ziwa asipewe, kwa kuwa ni bovu, na maji asipewe, kwa kuwa tumbo linalomwaga ukilitia maji ni sawa na kulichochea. Apewe uji wa uwanga tu, mzito, uzibe.

Bibi alikuwepo, kakaa kwenye mkeka wake na msahafu mbele yake. Hakupinga. Nilimshangaa, kwa sababu Bibi alikuwa mtu wa kupinga. Bei ya samaki aliipinga, mahari ya watu wasiomhusu aliipinga, hata mwezi ulipoandama aliwahi kuupinga. Siku ile alinyamaza.

Basi nyumba yetu ikawa na mama mwenye maziwa yanayomchuruzika mpaka kanga inalowa kifuani, na mtoto anayelia kwa njaa chumba cha pili. Salum alilia bila ya machozi. Nilidhani ni kwa sababu amezoea kulia, kumbe yalikuwa hayapo tu.

Siku ya pili mchana, mama alikuwa anasali, na mimi nikaachiwa nimpepee Salum. Nilikuwa nimemfuta uso kwa kitambaa cha majimaji. Kitambaa kilipopita mdomoni, akakidaka. Akakinyonya kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, na macho yake makavu yamenikodolea mimi. Nilitazama mlangoni. Nikachovya kitambaa kwenye mtungi, nikampa tena. Nikachovya mara ya tatu. Akalala, na kidole changu kiko mkononi mwake.

Baada ya adhuhuri akaharisha, tena akaharisha sana. Bi Zuwena akapaza sauti uani.

"Nani kampa maji mtoto huyu? Mnataka kumzika?"

Alikuwa anamtazama mama. Na mama, ambaye hakufanya lolote, alilia kama aliyefanya. Nilisimama nyuma ya mlango. Sijapata kuona mtu mwingine akibeba kosa langu mbele ya macho yangu namna ile, na sijasahau ladha yake.

Nikaenda kwa Bibi. Alikuwa ametoka kusali alasiri, anakunja mswala.

"Bibi, miye nnamuua Salum."

"Unamuua vipi?"

"Nshampa maji. Kwa kitambaa. Mara tatu."

Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kofi. Bibi akaketi chini polepole.

"Katapika?"

"Hakutapika. Kalala, Bibi. Kanishika kidole."

Bibi akaulaza mswala mapajani. Kisha akasema, si kwangu hasa, alikuwa anausemesha ule mswala uliokunjwa, "Wangu wawili niliwafungia maji. Wa kwanza na wa tatu. Nliambiwa vivi hivi, nkatii. Yule wa tatu alikuwa akiulamba mkono wangu nnapomkosha."

Sikujua kama Bibi alipata kuzika watoto. Hakuna aliyewahi kunambia.

"Rahma," akaniita.

"Naam, Bibi."

"Uliyonambia yaishe hapa. Nenda kaniletee sahani nyeupe, ile kubwa."

Bibi alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mtaani waliojua kuandika herufi za Kiarabu, na watu walimjia awaandikie kombe. Alikuwa akiandika aya kwa zaafarani juu ya sahani, kisha huyaosha maandishi kwa maji na tone la marashi, na mgonjwa huyanywa. Siku ile aliandika mbele ya watu wote, hana haraka. Akatangaza masharti kwa sauti ya mtu ambaye hatarajii kuulizwa.

"Maji ya kombe hili yachemshwe, yapoe. Itiwe chembe ya chumvi, ya husuda. Apewe kijiko kijiko, kila akiharisha na baina yake, na asinyimwe akitaka. Na mama mtu anywe mwanzo, maziwa yasafike. Akishakunywa, amnyonyeshe."

Mama aliinua kichwa.

"Lakini Bi Mkubwa," Bi Zuwena akaanza, "maji..."

"Maji yepi? Hili kombe."

Bi Zuwena akatafakari. "Kweli," akasema. "Kombe si maji."

Na tangu hapo hakuna aliyelisimamia kombe lile kama yeye. Mtoto akichafua tu, utamsikia uani, mikono imejaa povu, "Kombe! Jamani, mpeni kombe!" Mama alikunywa, akasema bismillahi, akamweka Salum kifuani. Sauti ya kumeza kwake niliisikia nikiwa mlangoni. Nilitoka nikaenda kulilia jikoni, mtu asinione.

Kesho yake Bibi alinituma nimshikie birika. Akaiweka sahani mapajani, akasoma kimoyomoyo, akamimina maji. Nilichungulia. Sahani ilikuwa nyeupe tupu, haina hata nukta ya zaafarani. Bibi akainua macho, akanikuta natazama. Akayamimina yale maji kwenye bakuli. Nami nikabeba bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikalipeleka kwa Bi Zuwena nikasema, "Kombe hili hapa."

Siku ya tatu ya kombe Salum alilia, na chozi likamtoka. Bi Zuwena alilifuta kwa kidole akatuonesha mmoja mmoja. Siku ya nne Bibi akamwamrisha mama amrudishe mtoto hospitali. "Kombe halina ugomvi na daktari," akasema. Alitibiwa, akarudi, na baada ya mwezi ile mikunjo ikaanza kurejea.

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki na mwanawe anayeharisha. Nesi, msichana mdogo kabisa, akamwambia: usimwachishe ziwa, mpe maji yaliyochemshwa, mpe kidogo kidogo kila mara. Nilikuwa namsikiliza yeye, lakini sauti niliyoisikia ilikuwa ya Bibi. Nilimwonea fahari Bibi yangu mpaka nikaona haya. Bibi hakufundishwa na mtu. Angeweza kushikilia alichokitii ujanani, maana kukubali kwamba maji hayaui kulikuwa na maana kwamba wale wawili wangeweza kuishi. Alilikubali hilo mchana mmoja, juu ya mswala, kwa neno la mtoto wa miaka minane, kisha akainuka akatafuta njia ambayo haikumwaibisha mama, wala Bi Zuwena, wala mimi.

Salum sasa ni mzee mwenye kitambi. Kila tukikutana husimulia kwamba yeye kaponeshwa na kombe la Bibi, wala hataki kusikia jengine. Mimi simbishii. Bibi hakuitoa siri yangu mpaka kaburini, na ile sahani nyeupe naitunza mimi.