Mpira Kati Yetu Wawili

Nilianza besiboli nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati wenzangu wa klabu walikuwa wameicheza tangu utotoni. Nilikuwa napakua mizigo kwenye ghala moja la mtaa wa Clairwood. Msimamizi wetu, Mzulu mrefu aliyefundisha timu ya tatu ya klabu moja ya besiboli, aliniona nikidaka maboksi yaliyorushwa kutoka juu ya lori. Akaniuliza kama naweza kukimbia. Jumamosi ya wiki ileile akanipa glavu ya kuazima na kunipeleka mwisho kabisa wa uwanja, upande wa kushoto.

Kukimbia nilijua. Kudaka nilijifunza upesi. Kilichonishinda ni kupiga kelele. Kule nyuma tunasimama watatu, na mpira ukija kati ya wawili, lazima mmoja aite kwamba ni wake ili mwenzake aachie. Mimi nilikuwa nimeishi mtaa wa Point miaka sita, mgeni katika nchi hii, nikijifunza kunyamaza. Kwenye taxi, yale mabasi madogo ya abiria, nilisubiri mtu mwingine aombe kushuka nishuke naye, hata kama nimepitiliza mitaa miwili, ili lafudhi yangu ya kigeni isiniletee maneno.

Msimu wa pili nikapandishwa timu ya pili. Siku moja mpira ulipaa kati yangu na mchezaji wa katikati, Mhindi wa mtaa wa Overport mwenye mbio kutuzidi sote. Tulikimbia wote wawili, macho juu. Sikuita. Aliposikia kimya akadhani nimemwachia. Bega langu likampata mdomoni, na meno yake mawili yakavunjika. Nilipiga magoti kando yake nikirudia kwa Kifaransa, "Pardon, pardon," lugha nyingine zote zimenipotea.

Wiki mbili sikukanyaga mazoezini. Mama, ambaye hakupenda mechi za Jumapili, alisema, "Mungu amekuonyesha. Dimanche ni ya kanisa."

Msimamizi ndiye aliyenisogelea wakati wa chakula ghalani. "Yule kijana hana hasira kwa sababu ya meno," aliniambia. "Ana hasira kwa sababu hujampigia simu."

Nikampigia. Akajibu, "Njoo Jumanne. Tutaita mpaka koo likauke."

Tukaita kila Jumanne, kwa Kiingereza, mimi nikiona aibu na yeye akinikazia, "Nguvu zaidi! Sisikii!"

Mwisho wa msimu timu ya kwanza ikapungukiwa watu, tukaitwa wote wawili. Siku hiyo wateuzi wa timu ya jimbo walikuwa wamekaa nyuma ya wavu. Tulifika zamu ya mwisho tukiongoza kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa na wakimbiaji wawili kwenye vituo, nasi tulibakiza mtu mmoja tu wa kutoa. Gongo likalia. Mpira ukapanda, ukaja palepale, kati yetu wawili.

Nilisikia viatu vyake vikikaribia. Niliona tena damu ile kwenye nyasi. Nikafungua mdomo.

"Wangu! Wangu!"

Alijitupa chini. Nikausikia upepo wa mwili wake miguuni pangu, na mpira ukagonga glavu: mtu wa mwisho katoka, tumeshinda. Niliukumbatia kifuani kwa mikono miwili, nikiogopa hata kupumua.

Aliinuka akijipangusa majani. "Eish, uliita nini?"

"Kwamba ni wangu. Kwa Kiswahili."

"Sikuelewa neno lenyewe," alisema. "Nilielewa sauti."

Wiki iliyofuata orodha ya jimbo ilitoka. Yeye alikuwemo, mimi sikuwemo. Mteuzi mmoja alimwambia kocha wa timu ya kwanza kwamba nadaka vizuri lakini mkono wangu wa kurusha ni dhaifu. Iliniuma, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilimpongeza rafiki yangu, kisha nikaenda kukaa peke yangu muda mrefu. Nafasi ya timu ya kwanza, hata hivyo, sikunyang'anywa.

Jioni mama aliuliza, "Wamekuchukua?"

"Bado."

"Basi dimanche hii utakuja kanisani."

"Iko mechi, mama."

"Nije saa ngapi?" akauliza.