Penseli ya Fundi Viatu

Fundi viatu wa kona yetu hutengeneza vitabu vyake vilivyochanika kwa sindano na gundi ileile ya soli, ndiyo maana riwaya zake za sayansi, za zamani na za juzijuzi, zote zinanuka gundi. Husoma akisubiri viatu vikauke. Ukimharakisha, anakutazama juu ya miwani: "Jirani, hawa watu wa kitabuni wako angani. Waache watue kwanza." Penseli haimtoki sikioni. Kila akikuta jambo alilobuni mwandishi, huandika pembeni neno moja tu: kwenye simu isiyo na waya, "tayari"; kwenye mji chini ya bahari, "bado". Nimefunua vitabu vyake vingi nikingoja visigino vya viatu vyangu, na sijaona popote alipoandika "haiwezekani".

Juzi nilimpeleka binti yangu, ambaye mguu wake mmoja ni mfupi, aongezewe soli kama kila mwaka. Mtoto akachukua kitabu kwenye benchi, akasoma kwa sauti habari za madaktari wanaokuza mfupa kama mche, kwa siku tatu. Pembeni palikuwa na "bado", imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hadi karatasi imekuwa kama ganda la kitunguu.

"Babu, 'tayari' utaandika lini?"

Fundi akaipapasa soli kwa kidole gumba. Kisha akachomoa penseli sikioni, akaichomeka katikati ya kitabu, akampa vyote viwili.

"Macho yangu yameanza kuniaga, mjukuu wangu. Kaa nacho. Siku ikifika, utaandika wewe."