Wambui Alipoushika Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa studio yetu ya Nyeri hakunionyesha mtambo wowote. Alinibebesha blanketi za bweni. "Visha ukumbi," akasema. Yaani nizitundike ukutani zinyonye mwangwi, sauti isirudi kusumbua maikrofoni. Nilitundika za kutosha kufunika Mlima Kenya hadi kileleni.

Miaka mingi tulirekodi kwaya. Nilipokaribia kustaafu, akaja Mwalimu wa Muziki kutoka Karatina na utunzi wake: yeye kwenye piano, mkewe kwenye kinanda, na Wambui, mwanafunzi wake wa zamani, kwenye marimba. Noti chache zilirudiwa na kurudiwa, zikibadilika polepole kama ukungu unavyopanda asubuhi.

"Mwalimu, hii wimbo yako iko na kiitikio?" Fundi Mkuu akauliza.

"Yote ni kiitikio."

"Basi kanisani wataimaliza kesho kutwa."

Mwalimu akacheka, kisha akatuonyesha vidole. Vilikuwa vinakufa ganzi. "Nitaweza mara moja tu," akasema. "Baada ya leo, sijui."

Tukaanza. Piano ilitiririka kama maji ya mfereji, nami kwenye hedfoni ningeweza kusikia siafu akipiga chafya. Halafu mkono wa kushoto wa Mwalimu ukaanza kuchelewa. Ukaangusha noti, ukaangusha nyingine, ukalala magotini. Kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kusimamisha.

"Wacha hiyo," Fundi Mkuu akaninong'oneza. "Bado wanapiga."

Kweli. Wambui alikuwa ameusikia mzunguko ule wa mkono wa kushoto mpaka ukamkaa mwilini. Aliushika kwa fimbo za kushoto, huku za kulia zikiendelea na sehemu yake. Mwalimu akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akapiga kwa mkono mmoja hadi mwisho. Tulingoja ubao wa mwisho wa marimba unyamaze kabisa ndipo nikazima.

"Turudie?" Wambui akauliza.

"Mama, tumerudia ya kutosha," Mwalimu akamjibu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Gatitu. Vijana wa studio huniambia kompyuta ingeziweka sawa noti zile zilizochelewa, na hakuna ambaye angejua. Nawakaribisha waje siku Mwalimu ananitembelea. Hapigi tena. Tunakunywa chai, tunaiweka rekodi, na piano inapopungua, mbao za marimba zikaingia, yeye hushusha kikombe.

"Huyo sasa ni Wambui," huniambia, kana kwamba mimi sikuwapo.