Kunde Mbili za Salama

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu aliijua: mwanamke mjamzito hamcheki mtu. Akimcheka kiwete, atazaa kiwete. Akimcheka mwenye pengo, mtoto ataota meno yote na pengo litabaki pale pale. Wala asimtazame sana mtu ambaye hataki kuzaa mfano wake, kwa sababu mimba, alivyosema Bibi, ina macho yake na huchukua inachokiona. Bibi alikuwa mama yake Baba, na mambo hayo aliyasema kwa uhakika wa mtu anayekwambia kwamba mvua hulowesha.

Mdogo wangu Salama alizaliwa na macho ya paka. Ndivyo tunavyoyaita macho ya rangi ya majivu yenye kijani kwa mbali. Baba macho yake meusi, Mama meusi, mimi meusi. Bibi alifanya uchunguzi wake, akagundua kwamba Mama alipokuwa na mimba ya Salama alikwenda kwao Jambiani harusini, na huko alimcheka mzee mmoja mwenye macho kama hayo, aliyeteleza na sinia ya pilau. Mama hakukana. Alisema tu kwamba kila mtu alicheka.

"Kila mtu hakuwa na mimba," Bibi alimjibu, na kesi ikaisha.

Mimi nilimpenda Salama kupita kiasi. Mama alipokuwa jikoni, mimi ndiye niliyembeba mbavuni. Usiku alilala kwangu, na usingizi hakuupata mpaka ashike sikio langu, akilivuta hadi linauma. Nimeshakuwa mtu mzima, nimezaa na nimezika, na bado kuna usiku nikijilaza ubavu nalihisi lile sikio liko peke yake.

Salama alipoanza kusema maneno yakaeleweka, Mama akapata mimba nyengine. Bibi hakungoja. Alimwita Baba, aliyekuwa akishona nguo kwa cherehani yake chini mlangoni, akamwambia mbele yetu sote kwamba mtoto yule hawezi kukaa nyumba moja na mimba. Mama akimtazama kila siku, atazaa macho mengine kama yale.

"Aende Jambiani kwa bibi yake mpaka mama yake ajifungue. Simfukuzi. Nnamlinda huyu anayekuja."

Baba aliondoa nyuzi zilizonata kwenye suruali yake, mmoja mmoja. Kumpinga mama yake hakujua. Ikakubaliwa kwamba mama mdogo, ndugu yake Mama, aje amchukue Salama baada ya Ijumaa.

Ikawa wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa skuli, Bi Nasra, aliingia darasani na pakacha la kunde. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo, na sauti hiyo ndiyo iliyotunyamazisha, maana ukizungumza humsikii. Tulidhani tutapika. Kumbe alikuja na vifuko vya marekani alivyovishona mwenyewe, na ndani ya kila kifuko alitia kunde nyekundu na kunde nyeupe sawa kwa sawa. Akatupanga wawili wawili, mmoja awe baba na mmoja awe mama.

"Nyekundu ni macho meusi, nyeupe ni macho mepesi," alisema. "Kila mzazi humpa mtoto moja, na hapati kuchagua, kwa hiyo msichungulie. Nyekundu ina nguvu. Ikiwepo hata moja, mtoto huwa na macho meusi, na ile nyeupe hujificha ndani yake. Zikikutana nyeupe mbili, ndipo macho mepesi yanapojitokeza."

Akaongeza kwamba macho ya watu yana mambo zaidi ya hayo, lakini kwa kuanzia yatatosha.

Mwenzangu Rukia ndiye aliyekuwa baba, akajichora masharubu kwa chaki. Tukachota, tukatazama, tukarudisha, tukachota tena. Watoto wetu walitoka na macho meusi, wengi wao wakiwa wamechanganya nyekundu na nyeupe. Halafu mara moja mkono wangu ulitoka na nyeupe, na wake na nyeupe.

"Tumezaa paka!" Rukia akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilinyoosha kidole.

"Mwalimu, na kama mama alimcheka mtu?"

Bi Nasra alinitazama. Nadhani alijua mambo ya kwetu, mji wenyewe mdogo.

"Wewe umemcheka nani hapa? Umechota tu. Na tazama, nyeupe moja imetoka kwako na moja kwa Rukia. Hakuna mama anayeweza kuyaleta macho hayo peke yake."

Nilimwomba vifuko viwili niende navyo nyumbani, akanipa. Njia nzima nilikimbia. Nilikuwa nimebeba dawa, na mgonjwa alikuwa hajaondoka.

Baada ya sala ya alasiri wote walikuwa orofani. Mama alikuwa akichagua mchele, Baba akinywa kahawa, Salama akitambaa chini ya kitanda kumtafuta mjusi. Nilikaa mbele ya Bibi nikaeleza kila kitu, kifuko cha baba na kifuko cha mama, yenye nguvu na yenye kujificha. Nikafumba macho nikachota mara moja kumwonyesha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Siku hizi skuli wanafundisha ramli?" akauliza.

Lazima niseme kwamba Bibi alikuwa mteja mkubwa wa wapiga ramli. Kulikuwa na mmoja wa mtaa wa Ng'ambo aliyechora vistari kwenye mchanga akamwambia ilipo bangili yake iliyopotea, na toka siku hiyo hakununua hata kuku bila ya kumwendea. Sasa anamwona mjukuu wake anafumba macho, anatia mkono kifukoni, anatoa kunde na kusoma ndani yake habari za mtoto ambaye hajazaliwa. Angefikiri nini kingine?

"Si ramli, Bibi. Ni urithi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Na mwalimu wako kakupa idhini ya kuipiga?"

"Kanipa vifuko."

Basi Bibi akakaa vizuri, akavuta kanga yake juu ya kichwa, akanitazama kwa heshima. Hajawahi kunitazama hivyo. Niliogopa kuliko ambavyo ningeogopa kofi lake.

"Iulize," akasema. "Zikitoka nyekundu mbili, nyumba ni safi, Salama akae. Ikitoka nyeupe hata moja, aende."

"Hizi haziulizwi, Bibi! Hazijui kitu!"

"Mpigaji hata siku moja hasemi kwamba anajua. Iulize."

Nilimgeukia Baba. Aliweka kikombe chini na kukitazama. Nilimgeukia Mama, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimekimbia, ambaye nilikuwa nimemletea habari kwamba hana kosa. Alikuwa ameacha kuchagua mchele.

"Iulize, mwanangu," akasema polepole.

Hapo ndipo niliposhindwa. Mama hakuwa akitaka kuelezwa. Alitaka kujua hukumu, na hukumu alikuwa ameingoja tangu Salama alipofumbua macho.

Darasani nilikuwa nimeona kwamba nyekundu mbili hazitoki kwa urahisi. Nilifumba macho. Kutoka kifuko cha baba nikachota nyekundu. Salama akatoka uvunguni, akaja kukaa mapajani kwangu, akaitaka ile kunde aitie mdomoni. Nikampokonya. Nikatia mkono kwenye kifuko cha mama, nikatoa nyeupe.

"Lakini huyu ana macho meusi, Bibi! Huu ni mchanganyiko! Mwalimu kasema..."

"Nshaona," Bibi akasema. Hakuwa na hasira. Alinipapasa kichwa akasema mkono wangu ni wa kweli.

Baba usiku ule alishona gauni la kitambaa cha maua bila ya kuambiwa na mtu. Salama alilivaa alipopakiwa kwenye gari la Jambiani pale Darajani, mapajani kwa mama mdogo, akiwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini. Alitupungia mkono sisi sote, na kondakta pia.

Mama akazaa mtoto wa kiume, macho meusi tii. "Unaona?" Bibi akaniambia, na machozi yalikuwa yakimtoka. Hayakuwa ya ushindi. Alikuwa ameogopa miezi yote ile kuliko mtu yeyote, na sasa alishukuru. Nilikwenda kumshitakia Bi Nasra nikitaka akasirike pamoja nami. Hakukasirika.

"Aghlabu angezaliwa hivyo hivyo hata Salama angebaki," alisema. "Lakini mtoto hazaliwi mara mbili, tukaona."

Salama hakurudi. Kwanza kitoto kilikuwa kichanga. Halafu mvua. Halafu bibi yake wa Jambiani akatuma salamu kwamba mtoto ameshazoea, anamsaidia kuponda makumbi ya kamba, na akiondoka, yeye atabaki na nani? Salama alipokuja mjini Sikukuu alinipa shikamoo. Nikajibu marahaba, nikaenda jikoni kulia. Usiku alilala kwenye mkeka na mama mdogo.

Bibi sikumchukia. Aliamini alichorithi, na alikifanya kwa upendo wote aliokuwa nao. Mimi mwenyewe nilikuja kuwa mwalimu, na kila mwaka nilishona vifuko vyangu nikawapanga watoto wawili wawili. Kila mwaka nilieleza vizuri zaidi. Nilikuwa nikimweleza Bibi, ambaye alikuwa kaburini, na kila nilipomaliza nilimkosa Salama upya.

Nilimsimulia Salama mwenyewe kisa cha siku ile tukiwa tumeshaota mvi sote wawili. Nilimkuta uani kwake Jambiani akianika mwani. Nikamweleza kunde, nguvu ya nyekundu, ile nyeupe inayojificha, kwamba macho yake yalitoka kwa Baba na kwa Mama sawasawa. Alisikiliza huku akiendelea na kazi yake.

"Macho yangu huku hakuna aliyeyauliza," alisema. "Yule mzee wa pilau alikuwa babu wa nusu ya mji huu."

Kisha akasimama.

"Zile kunde ulizileta wewe? Ulitaka nibaki?"

"Nilitaka."

"Mimi nilijua mlikaa mkakubaliana wote."

Akaukung'uta mwani mikononi, akaja kukaa karibu yangu kwenye kibaraza, bega kwa bega. Nilikuwa nimefundisha urithi umri wangu mzima, na mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa amejua kwamba mtu alimtaka.