Sauti ya Nne Kwenye Basi la Mbeya

Jumamosi kwaya yetu ya mjini Iringa ilipanda basi kwenda kuimba Mbeya, tukawa tunafanya mazoezi njiani. Mimi huimba sauti ya nne, na kwa miaka mitatu nimejiona nguzo ya kwaya. Pale Nyololo alipanda mama mmoja mwenye kikapu cha njegere, akaketi kando yangu. Alisikiliza wimbo wetu mara mbili, kisha akanigeukia.

"Baba, wewe unaimba wimbo gani?"

"Huu huu wanaoimba wenzangu."

"Basi wangoje. Unawatangulia, tena unapanda wanaposhuka."

Akaiimba sauti yangu taratibu, akipiga mapigo kwa kidole juu ya kikapu. Alisema marehemu mumewe aliiimba kanisani. Nikarudia kama mtoto wa darasa la kwanza mpaka aliposhuka.

Mbeya tulishangiliwa sana. Mwalimu wetu wa kwaya akanishika mkono, macho yamemlowa.

"Leo umeimba. Nani amekufundisha?"

"Nimejizoeza mwenyewe," nikamjibu.

Mwalimu husoma safu hii kila wiki. Leo ataujua ukweli, na yule mama naomba anisamehe.